Ujumbe Uliotangulia Kileleni

"Simu, Kiongozi."

Breki hakuinua macho. Alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, baiskeli yake imelala pembeni, kidole gumba kikikimbia juu ya kioo cha simu.

"Namalizia."

"Wageni wote wameshaweka zao. Umebaki wewe."

"Nimesema namalizia. Au siku hizi kiongozi haruhusiwi hata kuandika?"

Dereva alisimama mbele yake akiushika mfuko kwa mikono miwili, mdomo wa mfuko ukiwa wazi, kama mkusanya sadaka aliyefika kwenye benchi la watu wagumu.

"Kuna kitu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kitu gani?"

"Tangu asubuhi hujaniangalia."

"Nikuangalie wewe au niangalie matairi? Kazi ni kazi."

Akabonyeza kutuma. Ujumbe ukagoma kuondoka. Pembeni yake kikatokea kile kisaa kidogo kinachomaanisha kwamba bado. Upande huu wa mlima haukuwa na mtandao, na kila aliyefanya kazi hapa alilijua hilo. Ukitaka kuongea na dunia, subiri ufike kileleni.

"Utaondoka wenyewe ukipata njia," Breki akasema moyoni. "Na ufike kama ulivyo."

Akaitumbukiza simu mfukoni, katikati ya simu za wageni. Dereva akaufunga mfuko kwa kamba, akaupeleka kwenye gari, akauweka kwenye kiti cha mbele, karibu na simu yake mwenyewe. Hakujua kwamba ndani ya mfuko ule kulikuwa na ujumbe unaongoja kuruka kutoka simu moja hadi nyingine. Ulikuwa umeandikwa kwake.

Ulisema hivi:

"Nimeiona picha yako na huyo mwanamke. Usihangaike kujieleza. Posa usilete. Na leo nikwambie kitu ambacho wote tunakificha: mimi napanda mlima, wewe umezoea kukaa. Tangu uanguke umekuwa mtu wa kukaa. Sitaki mume wa kukaa."

Kazi yao ilikuwa kuwavusha watu mlima kwa baiskeli. Asubuhi gari liliwazungusha wageni kupitia barabara ya bondeni hadi upande wa pili, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe: wanapanda polepole wakitazama mabonde, wanakunywa chai juu kabisa, wanateremka hadi mlangoni pa gereji walikotokea. Gari lilitangulia kileleni kuchemsha maji. Simu zilikaa garini kwa sababu mgeni mmoja aliwahi kujipiga picha kwenye mteremko akaishia mtaroni, na picha yenyewe haikutoka vizuri.

Kiongozi ndiye Breki. Jina hilo alipewa na wageni, kwa jinsi alivyopiga kelele "breki, breki" kwenye kila kona ya kuteremka. Na sheria ya kiongozi ilikuwa moja: kupanda, anakaa na wa mwisho. Awe mgonjwa, awe mzito, awe analia, unakaa naye.

Wa mwisho leo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mwenye miwani myeusi na koti lililofungwa hadi kidevuni.

"Mdogo wangu," mwanamke huyo akaita kabla hata kona ya kwanza haijaisha. "Huu mlima una mwisho, au mmeuchora tu kwenye tangazo?"

"Una mwisho, dada. Punguza gia."

"Nimepunguza mpaka zimeisha. Sasa nipunguze nini, mwili?"

Mbele yao, daktari wa meno na mkewe walikuwa wakipanda bega kwa bega. Walimu wawili waliokuja pamoja walikuwa wameshapotelea kwenye kona.

"Tazameni kule," daktari akapaza sauti, akinyoosha kidole bondeni, ambako ukungu ulikuwa umelala kama pamba iliyosahauliwa. "Hewa ya hapa ni safi mpaka meno yanauma."

"Mume wangu," mkewe akasema, "hata huku umeleta meno?"

Wote wakacheka. Breki akacheka kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa bado jana jioni, kwenye ile picha.

Alitumiwa na dada wa mapokezi wa nyumba ya wageni, bila salamu. "Shoga, huyu si mtu wako?" Dereva alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya wageni, amemkumbatia mwanamke kwa mikono yote miwili, macho amefumba kwa furaha. Mwanamke alikuwa ameipa kamera mgongo. Kilichoonekana ni misuko mirefu hadi kiunoni, na mwisho wa kila msuko shanga ya rangi ya dhahabu.

Breki alimpigia. Simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Baadaye sana ukaja ujumbe: "Samahani mpenzi, nilikuwa na shughuli. Kesho tukivuka mlima nina jambo zuri la kukwambia."

Jambo zuri. Breki alilala akilitafuna neno hilo kama kokoto.

Walipofika kwenye maporomoko madogo ya maji, mwanamke mrefu akashuka kwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani mwa daraja.

"Hapa nikate pumzi au nikate roho, nichagulie moja."

"Pumzika, dada. Hatuna haraka. Kunywa maji kidogo kidogo."

Mwanamke akavua miwani. Akavua kofia ngumu. Akafungua zipu ya koti ili upepo umpate, akatikisa kichwa, na misuko ikamwagika mgongoni hadi kiunoni. Shanga zikagongana, zikalia kidogo.

Breki alibaki na chupa ya maji hewani.

"Mbona unaniangalia hivyo, nina mdudu?"

"Hapana."

"Basi nipe hayo maji, unayanywesha mawingu."

Akampa. Sheria ikamjia kichwani kama kejeli: unakaa na wa mwisho. Kwa hiyo mlima mzima angemsindikiza huyu, amhesabie pumzi, amwongezee maji, amfikishe salama kwa mwanamume anayewachemshia chai wote wawili.

"Dada," akasema, akijilazimisha kutazama maporomoko. "Ulitusikia wapi, sisi?"

"Kwa yule dereva wenu."

"Mnafahamiana?"

Mwanamke akacheka, maji yakamtoka puani. "Yule? Yule mwanangu."

"Mwanao?"

"Mwanangu kabisa."

"Dada, usinitanie. Mnalingana umri."

"Tunalingana, ndiyo. Tulivua pampasi pamoja, na aliyenitangulia kuvua ni mimi." Akajifuta kidevu. "Babu yake ndiye baba yangu. Mimi ni kitinda mimba wa uzeeni, yeye ni mjukuu wa kwanza. Kwa hiyo ananiita shangazi, apende asipende. Tangu wazazi wake walale, mkubwa wa ukoo aliyebaki ni mimi. Unaona ukoo ulivyofilisika."

Breki aliushika ukuta wa daraja.

"Jana ndiyo nimefika," shangazi akaendelea, sasa akimwangalia kwa makini. "Alinisubiri pale mlangoni kama mtoto anayesubiri zawadi. Akaniambia, shangazi, kesho nakutambulisha kwa mke wangu. Nikamwambia, kwanza nimwone kazini bila yeye kunijua. Mtu umwone akiwa amechoka, si akiwa amejipamba. Alikataa, tukabishana hadi chakula kikapoa, mwisho nikatumia ushangazi." Akatabasamu. "Nimevunja siri mapema. Tulikubaliana nikutajie tukiwa juu. Lakini juu kwenyewe sina hakika kama nitafika."

"Shangazi," Breki akasema.

"Naam, mkwe wangu."

"Gari lilikuwa wapi mara ya mwisho ulipoliona?"

"Gari? Si lile kule."

Lilikuwa kona mbili juu yao, kwenye kituo cha maji, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Dereva alikuwa akikusanya chupa tupu. Walimu walikuwa wameshapita, daktari na mkewe walikuwa wakipita, na gari lilipaswa kuwahi kilele kabla ya wa mbele. Kutoka pale hadi kwenye mtandao hapakuwa na kituo kingine.

Breki akarukia baiskeli. Akapanda wima, makalio hayagusi kiti, baiskeli ikiyumba kushoto na kulia chini yake. Kona ya kwanza akaila. Alipotokeza ya pili, mlango wa gari ulikuwa umefungwa na moshi umeanza kutoka.

Akainua mkono juu, akaupunga kwa nguvu zake zote.

Garini, Dereva akamwona kwenye kioo cha pembeni. Na hapo ndipo Breki alipogundua alichofanya, mkono ukiwa bado hewani. Kwao wawili, tangu waanze kufanya kazi pamoja, mkono juu ulikuwa na maana moja tu: wote salama huku nyuma, endelea. Ukitaka gari lisimame, unaweka kiganja juu ya kofia. Ishara hizo alizibuni Dereva mwenyewe, na Breki alizitumia kila safari bila kufikiri. Leo pia hakufikiri.

Akashusha kiganja kichwani upesi. Gari likapiga honi mara mbili, kwa furaha, kama lilivyopiga siku zote, likapinda nyuma ya mwamba.

Akasimama katikati ya barabara. Mandhari yote yalikuwa wazi siku ile: mabonde matatu moja nyuma ya jingine, mto kama uzi, mbuzi wa mtu wametawanyika kwenye majani. Wageni walilipia kuja kuyaona. Yeye aliona tu vumbi la gari likitua.

Chini yake shangazi alikuwa akija kwa miguu, anasukuma baiskeli, anaongea peke yake.

"Umepaa kama umeona nyoka," akasema alipofika. "Nini?"

Breki akamweleza. Picha, simu isiyopokelewa, kisaa kidogo, mfuko. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaani nimemwiba mwanangu mwenyewe. Ngoja nimsimulie dada wa mapokezi huyo. Lakini mkwe, hii si kitu. Akipata huo ujumbe atacheka, nami nitacheka, mwisho utacheka."

"Kuna sentensi nyingine, shangazi."

"Ipi?"

Breki akatazama tairi lake la mbele. "Nimemwambia sitaki mume wa kukaa. Kwamba tangu aanguke amekuwa mtu wa kukaa tu."

Kicheko kikakatika. Upepo ulipita kwenye majani, na shanga zikalia peke yake.

"Nenda," shangazi akasema. "Niache hapa, nenda. Labda gari limepata pancha, labda ameshuka kusalimia mtu. Kimbia."

"Siwezi kukuacha."

"Nimekuruhusu mimi."

"Si suala la ruhusa. Unajua alivyoanguka?"

"Namjua aliyeanguka. Alivyoanguka hajawahi kusema."

"Alikuwa kiongozi yeye, kabla yangu. Wakati huo safari ilipandia upande wa gereji, na kiongozi alikaa mbele. Siku moja walifika juu, wakahesabu, mgeni mmoja hayupo. Mama mtu mzima, alikuwa ameketi kwenye kona kule nyuma, amechoka, ameona aibu kuita. Akageuka kumfuata, akateremka kwa kasi kuliko alivyowahi kuteremka. Kwenye kokoto baiskeli ikamponyoka. Alipotoka hospitali hakuweza tena kukaa juu ya baiskeli. Mguu ulipona. Yeye ndiye hakupona. Akaandika sheria, kiongozi akae na wa mwisho. Akanipa baiskeli yake, akachukua ufunguo wa gari."

Shangazi akainuka taratibu.

"Na wewe umemwandikia hayo."

"Nimemwandikia hayo."

"Basi tupande," akasema. "Sikuahidi kasi. Lakini tupande."

Walipanda. Shangazi alijitahidi kweli, ni lazima tuseme hivyo. Alikanyaga huku akiomboleza, akashuka akasukuma, akapanda tena, akamwita kila ndugu yake aliyekufa aje amsaidie. Breki aliweka kiganja mgongoni mwake akamsukuma kwenye sehemu kali, mkono mmoja kwenye usukani wake, mwingine kwa shangazi, na kila kona iliyopita alijua kwamba gari lilikuwa limeshapita hapo zamani. Hakuna alichokuwa anawahi. Aliendelea tu, kwa sababu barabara ilielekea huko.

"Akikasirika anakuwaje?" shangazi akauliza kati ya pumzi. "Akiwa mdogo alikuwa anavunja vitu."

"Siku hizi hafanyi hivyo. Ananyamaza."

"Afadhali angevunja."

Kileleni turubai lilikuwa limetandazwa, birika linatoa moshi juu ya jiko la gesi, wageni wamejifunga makoti wakitazama upande wa pili wa dunia. Daktari wa meno alikuwa akieleza kuhusu mawingu.

Dereva alikuwa ameinamia vikombe. Aliposikia matairi, akamimina viwili, akaja navyo. Kimoja akampa shangazi. Kingine akamwekea Breki kwenye ukuta wa mawe. Hakumwekea mkononi.

"Pole na kazi, Kiongozi."

Jina hilo lilikuwa la mbele ya wageni; leo alilitamka kama kwa mtu asiyemjua.

"Umeupata," Breki akasema.

"Sukari iko kwenye kopo."

"Naomba tuzungumze."

"Wageni wanapoa. Tuteremke kabla ukungu haujapanda."

Shangazi akaingia kati, kikombe mkononi. "Mwanangu, yule kwenye picha ni mimi."

"Najua ni wewe, shangazi. Nilikuwepo."

"Basi mwambie umesamehe."

"La picha halina shida. Ningekuwa mimi nimeona vile, pengine ningefanya vibaya zaidi." Akafunika kopo la sukari, akalifunika tena ingawa lilikuwa limeshafungwa. "Shangazi, utateremka garini. Miguu yako inatetemeka."

Kutoka kiti cha mbele, ndani ya mfuko, simu moja ikatoa mlio. Breki aliujua mlio huo. Ulikuwa wake. Dereva naye aliusikia, akatazama chini.

"Umenijibu," Breki akasema.

"Nimekujibu."

"Umesema nini? Nipe simu yangu."

"Simu zinatolewa chini."

"Ni mimi, jamani. Si mgeni."

"Sheria haisemi mgeni. Inasema kila anayeendesha." Akaanza kulikunja turubai. Kisha, bila kumwangalia, akaongeza: "Kona ya mtaro ina kokoto mpya. Shika upande wa kulia. Waambie na wengine."

Kuteremka, kiongozi huwa mbele ili mtu asimpite, na gari hufuata nyuma ya wote. Breki akateremka na wageni nyuma yake, na nyuma ya wageni gari, na ndani ya gari mtu aliyekuwa amemsoma. Hakuweza kugeuka. Ukigeuka kwenye mteremko ule unaanguka. Alihisi taa za gari mgongoni kama macho.

"Breki," akaita kwenye kona ya kwanza. "Breki, breki. Mtaroni shikeni kulia, kuna kokoto."

Kwenye kona ya mtaro, pale Dereva alipoangukia, honi ililia kila safari, mara moja, kwa upole. Hawakuwahi kuizungumzia. Ilikuwa namna yake ya kusema nipo nyuma yako. Breki akaipunguzia kona mwendo zaidi ya ilivyohitaji. Akaipita polepole, masikio yake yote nyuma.

Ukapita upepo. Ikapita minyororo ya wageni. Honi haikulia.

Chini, mlangoni pa gereji, wageni walikumbatiana, wakasifiana, wakachukua simu zao na kuanza kupiga picha matope ya miguuni. Dereva alipitisha mfuko hadi ukabaki na simu moja. Akaitoa yeye mwenyewe, akampa Breki, akaanza kuziingiza baiskeli ndani kuziosha.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kizingiti, viatu amevua.

"Nimejaribu kuongea naye njia nzima," akasema. "Ananijibu ndiyo, hapana, angalia ule mti. Mkwe, mimi hapa sina msaada. Nimechoka hata kope." Akamshika mkono, akauminya, akaondoka akitembea peku kuelekea alikolala jana.

Breki akafungua ujumbe.

"Wako umefika. Sina maneno mengi. Ni kweli nimezoea kukaa. Nimezoea kukaa pale juu nikikungoja wewe."

Akausoma amesimama. Akausoma tena. Kisha akaingia gereji.

Dereva alikuwa amening'iniza baiskeli ya daktari, anaumwagia mnyororo maji kwa mpira. Breki akachukua kitambaa.

"Weka chini," Dereva akasema. Sauti haikuwa kali. "Hii ni kazi yangu."

Akakiweka.

"Nisamehe. Niliandika kwa hasira."

"Hasira haibuni neno. Inalikuta limeshakaa ndani, inalifungulia mlango." Akageuza pedali, mnyororo ukazunguka ukitoa maji meusi. "Lilikuwa ndani tangu lini?"

Breki angeweza kusema halikuwepo. Alimwangalia mgongo, shati limelowa, bega moja chini kidogo ya jingine tangu ile ajali.

"Tangu ulipochukua ufunguo wa gari," akasema. "Nilidhani ni kwa muda. Kila asubuhi nilikuwa nasubiri uniambie, leo napanda. Nikaanza kuchoka kusubiri, wala sikujua kama nimechoka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unanichemshia chai."

Maji yakaendelea kumwagika sakafuni.

"Sitapanda," Dereva akasema. "Nataka ulijue hilo. Sitapanda kesho ili nikuonyeshe, sitapanda siku ya harusi ili watu wapige makofi. Nikishika usukani wa baiskeli nasikia lile jambo tena, lote, mpaka harufu yake. Nimejaribu hapa ndani mlango ukiwa umefungwa. Nimejaribu mara nyingi kuliko unavyofikiri."

"Sikujua."

"Nilihakikisha usijue." Akafunga maji. "Kwa hiyo anayekuja na posa ni dereva. Hakuna mwingine nyuma yake anayesubiri kutoka. Ukimtaka huyo mwingine, hayupo."

"Namtaka dereva."

"Hilo umelisema upesi."

"Nilisemeje?"

"Sijui. Na mimi sijui nilisikieje. Asubuhi ningekuamini bila kuuliza." Akafungua maji tena. "Niache nimalize kazi."

Breki akatoka nje. Pembeni ya mlango lilikuwepo kreti la soda lililopinduliwa, ambalo Dereva alilikalia kila jioni aliyomaliza kazi kabla yake, akimsubiri abadilishe nguo, aongee na wageni, azunguke, asahau, arudi. Breki hakuwahi kulikalia. Hakuwahi kusubiri kitu hapo. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

Akalikalia. Lilikuwa gumu na lilimchoma mapaja.

Wafanyakazi wa duka la jirani wakafunga, wakamuaga. Daktari na mkewe wakapita na gari lao, wakampungia. Akawapungia. Hakuwa na la kufanya wala pa kwenda. Alitaka kurudi ndani aombe tena, akajizuia. Alitaka kumwandikia, akaandika, akafuta. Alisikia baiskeli moja ikishushwa, nyingine ikitundikwa, maji, kimya, maji. Jua likahama ukutani. Miguu iliyopanda mlima bila kulalamika ikaanza kuuma kwa kukaa.

Simu ikalia mkononi mwake.

"Bado upo?"

Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yao. Akaandika:

"Nipo."

"Umesimama?"

"Nimekaa."

Hakuna kilichokuja. Maji yakafungwa, yakafunguliwa. Breki alikitazama kioo hadi kikazima, akakigusa kikawaka, kikazima tena.

Kisha:

"Kwenye kreti?"

"Kwenye kreti."

"Linachoma."

"Linachoma sana. Hukuwahi kusema."

Safari hii jibu lilichelewa zaidi, na alipokwisha kukata tamaa ya kulipata, likaja.

"Imebaki baiskeli moja. Ni yako, ina matope mpaka kwenye taa. Ngoja."

Akaandika, "Nangoja." Akageuza simu kifudifudi juu ya goti, akaegemeza kichwa ukutani, mahali ambapo rangi ilikuwa imechakaa kwa mgongo wa mtu mwingine. Upande wa pili, maji yakaanza tena.